Mkaratusi wa mtoni: kwao Australia unaishije, na ni huuhuu tulio nao huku?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Kasulu, nimelifupisha kidogo tu: "Shikamoo mtaalamu. Rafiki yangu niliyekua naye siku hizi anaishi Shepparton, Australia, amenitumia picha ya mti mkubwa ajabu kando ya mto, umepindapinda, una matundu, shina lake watu watatu hawalikumbatii, anasema ndo huu mkaratusi wetu tunaokata nguzo na kuni. Sasa ya kwetu imenyooka tu kwenda juu na haina tundu hata moja. Ni kweli ni mti mmoja? Na kama kwao unaota mtoni kabisa mbona mito yao haikauki, wakati huku tunaambiwa unakausha chemchemi? Baba anayo bondeni na mingine mlimani, niing'oe?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza maswali matatu kwa mpigo na yote yanafungana, kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu maana huu mti naupenda na naona unasemwa sana na watu ambao hawajawahi kuuliza kwao unaishije.

Tuanze na hilo la kama ni mti mmoja. Mikaratusi si mti mmoja, ni ukoo mkubwa sana wenye spishi zaidi ya 700, karibu zote asili yake ni Australia, na sisi huku tunazijumlisha zote tunaita mkaratusi, wengine mlingoti, basi imeisha. Ule wa rafiki yako, kama kweli ni Shepparton na ni kando ya mto Goulburn, basi ni Eucalyptus camaldulensis, wenyewe wanauita river red gum kwa sababu ya mbao yake nyekundu. Na ni kweli huohuo ulipandwa sana huku kwetu, hasa sehemu kavu, Tabora, Shinyanga, Dodoma, na Kenya pia kule kwenye ukame. Ila Kasulu mna mvua nzuri, kwa hiyo ya baba inaweza ikawa hiyo au ikawa spishi nyingine za ukoo huohuo, grandis au tereticornis, usikubali tu kwa sababu ya picha ya simu.

Kuangalia si kazi. Chukua jani la mti mkubwa (sio la chipukizi, ya chipukizi yanadanganya), ligeuze. Kama juu ni kijani kilichoiva na chini limepauka waziwazi, hapo fikiria grandis. Kama pande zote mbili ni rangi moja na jani jembamba refu linaning'inia kuelekea chini, endelea. Tafuta vitunda vyake vikavu, vile vidogo vinavyodondoka vingi chini, kimoja hakifiki hata sentimita 1, utaona kwa juu vimetokeza vijino kama vinne hivi. Sasa chuma ambavyo vimekomaa ila havijafunguka, viweke juani kwenye karatasi nyeupe mpaka vijifungue vyenyewe, ugongegonge. Zitatoka chembechembe nyingi za kahawia ambazo ni makapi tu, na katikati yake mbegu zenyewe chache. Kama mbegu ni za rangi ya asali, manjano manjano, hiyo ni camaldulensis. Kama ni nyeusi, hiyo ni tereticornis, ndugu yake wa karibu sana ambaye kwa macho ya kawaida wanachanganywa kila siku mpaka na watu wa vitalu. Hicho ni kipimo nakiamini kuliko gome, maana gome la huu mti linabadilika badilika, linabanduka vipande vipande na kuacha mabaka meupe, ya kijivu, ya pinki, miti miwili iliyosimama pamoja unaweza kudhani ni ya makabila tofauti.

Sasa twende kwao.

Hakuna mkaratusi mwingine uliosambaa Australia kama huu. Upo karibu bara zima, lakini ukiangalia ramani yake vizuri utaona kitu, haujatapakaa tu ovyo, umefuata maji. Mto, kijito, korongo la mchanga ambalo lina maji mara moja kwa mwaka au hata halina maji mwaka mzima, tambarare zinazofurika, kingo za maziwa. Hata katikati ya nchi kwenye jangwa kabisa ukiona mstari wa miti mirefu meupe meupe unapita kwenye vumbi jua hapo chini kuna mkondo wa maji, ya juu au ya chini ya ardhi. Wataalamu wa mimea wameugawa kwenye spishi ndogo 7, kwa sababu wa kaskazini kwenye joto la kitropiki na wa kusini kwenye baridi kali haufanani tabia.

Na msitu wake mkubwa kuliko wote duniani hauko mbali na huyo rafiki yako, unaitwa Barmah-Millewa, uko kwenye mto Murray mpakani mwa majimbo ya Victoria na New South Wales, karibu hekta 66,000. Ule msitu umetokana na ardhi kunyanyuka. Maelfu ya miaka iliyopita kulitokea mpasuko wa ardhi unaoitwa Cadell, kipande cha nchi kikainuka mbele ya mto, Murray ukashindwa kupita njia yake ya zamani ukalazimika kuzunguka, na pale ulipozunguka mkondo ni mwembamba sana kiasi kwamba maji yakiwa mengi hayatoshei, yanamwagika pembeni msituni. Kila maji yanapopanda msitu unaoga.

Hapo ndo kiini cha huu mti. Mkaratusi wa mtoni ni mti wa mafuriko. Mahitaji yake yanafanana na ya mpunga, unataka uzamishwe halafu ukaushwe, vyote viwili, kwa zamu. Zamani kabla ya mabwawa ilikuwa mvua za baridi na theluji inayoyeyuka milimani zinaleta maji kuanzia katikati ya mwaka mpaka mwezi wa kumi, kumi na moja hivi, msitu unasimama ndani ya maji miezi kadhaa, halafu kiangazi kinaingia (kwao kiangazi ni Desemba mpaka Februari, kinyume na Ulaya) maji yanashuka yanaacha tope lenye unyevu, na juu ya lile tope ndo mbegu zinadondoka. Mbegu ni ndogo sana, kilo moja ina laki kadhaa, haina akiba ya chakula ya maana, kwa hiyo ikiangukia pakavu inakufa na ikiangukia kwenye nyasi nzito inakufa, na zikidondoka chache chache sisimizi wanazimaliza. Lakini ikikuta tope jipya lenye jua, inaota, na inaota kwa maelfu, ndo maana ukienda Barmah unakuta sehemu zimejaa miti ya rika moja kabisa, ni watoto wa furiko moja.

Mche ukishaota unakimbilia chini kabla ya juu. Unashusha mzizi haraka kufuata unyevu unaokimbia, maana kiangazi cha kule hakina huruma. Na furiko likirudi kabla mche haujawa mrefu, una mbinu, unaotesha mizizi mipya kwenye shina ndani ya maji, na ndani ya tishu zake unatengeneza nafasi za hewa za kushusha oksijeni mpaka chini ambako tope limeshaikosa. Mche mdogo tu unaweza kusimama ndani ya maji miezi. Mti mkubwa unavumilia hata zaidi ya mwaka.

Ila si milele. Mwaka 1939 kulijengwa kizuizi cha maji Yarrawonga kwenye huohuo mto Murray, likatokea ziwa linaitwa Mulwala, na mikaratusi yote iliyokuwa kwenye ile tambarare ikabaki ndani ya maji moja kwa moja. Ikafa. Mpaka leo vigogo vyake vya kijivu vimesimama katikati ya ziwa, havina jani, mbao ile ni ngumu kiasi kwamba haijaoza karibu karne sasa. Mwambie rafiki yako akipata nafasi aende akaone, kutoka Shepparton ni safari ya siku moja tu kwenda na kurudi, ataelewa hili ninalosema vizuri kuliko maneno yangu.

Sasa kuhusu kupinda na matundu. Ile miti ya kwao ni mizee. Huu mti unaishi miaka mia kadhaa, inayotajwa ni 500 na kuendelea kwa ile mikubwa, na ukiwa peke yake kwenye nafasi haushughuliki na kwenda juu, unatanua shina na kumwaga matawi mazito pembeni. Ya baba imebanana mita mbili mbili au tatu, kila mmoja unatafuta jua, lazima inyooke, na kabla haijapata tabia ya utu uzima inakatwa ikiwa na miaka saba, nane, kumi. Yaani umewahi kuuona ukiwa mtoto tu. Pia mbegu inatoka wapi ina maana kubwa sana, zile zilizofanya vizuri kwenye nchi za joto kama zetu ni za kaskazini ya Australia, sehemu kama Petford jimbo la Queensland na Katherine kule Northern Territory, wakati wanaopanda kwenye nchi zenye mvua za baridi kama za bahari ya Mediterania walichukua za kusini, za Ziwa Albacutya. Ukipanda ya kusini huku kwetu ambako mvua zinakuja msimu wa joto unapata mti mnyonge unaoumwa umwa, halafu watu wanalaumu spishi nzima.

Matundu yanatokea hivi: tawi linavunjika, jeraha linaingiwa na kuvu na mchwa, moyo wa mti unaliwa taratibu huku ganda la nje linaendelea kuishi, na inachukua zaidi ya miaka 100 kupata tundu la kufaa ndege mkubwa. Ndani ya hayo matundu wanaishi kasuku wa aina nyingi, kuna mmoja wa kijani mwenye koo la manjano anaitwa superb parrot ambaye Barmah ni moja ya sehemu zake za kuzalia, wanaishi popo, wanaishi posamu (wanyama wadogo wa mtini wenye mfuko), chatu nao wanaingia kutafuta mayai. Koala wanakula majani yake. Na tawi au gogo likiangukia mtoni halijaharibika, samaki mkubwa kuliko wote wa maji baridi kule, Murray cod, anajificha na kutagia kwenye magogo hayo hayo. Karne ya 19 waling'oa magogo mengi mtoni ili meli za mvuke zipite, na meli zenyewe zilikuwa zinachoma kuni za mti huohuo, gati la Echuca limejengwa kwa mbao zake miaka ya 1860, mataruma ya reli ni yeye, nguzo za madaraja ni yeye. Samaki walipopungua ndo siku hizi wanayarudisha magogo mtoni kwa mashine.

Na kabla ya wazungu kufika, wenyeji kama Wayorta Yorta walikuwa wanabandua gome zima upande mmoja wa mti, kipande kirefu cha mita kadhaa, wanatengeneza mtumbwi. Mti haukufa. Ukapona pembeni ukaacha kovu refu la mviringo, na makovu hayo yapo mpaka leo, ile miti inalindwa kisheria. Ukimwona mti wa hivyo shinani kuna sehemu mbao tupu imezungukwa na gome lililovimba kama mdomo, mwambie rafiki yako asichonge jina lake hapo.

Hili la tawi nilisisitize kidogo maana linaua. Huu mti una tabia ya kudondosha tawi zima, tawi la tani, siku ya joto kali isiyo na upepo hata kidogo, bila kutoa dalili. Wanaotunza hifadhi za kule wanawaambia watu wazi wasifunge hema wala kuegesha gari chini yake. Rafiki yako akienda kuvua na watoto wakae kwenye uwazi, kivuli cha ule mti kinavutia lakini si cha kulala.

Haya, maji. Mito yao haikauki kwa sababu ya mti kwa kuwa mti uko mwishoni mwa maji, hauko mwanzoni. Murray unaanzia milimani kwenye theluji, unatembea kama kilomita 2,500 mpaka baharini, na mkaratusi wa mtoni unakaa tambarare kule chini ambako maji yameshakuwa mto mkubwa na yanamwagika yenyewe. Unakunywa, tena unakunywa sana, usidanganywe na yeyote kwamba haunywi, mizizi yake inashuka zaidi ya mita 10 na maji ya chini yakikaribia inayafuata. Lakini unakunywa kile ambacho furiko limeacha. Na furiko lisipokuja, unabana, unapukutisha majani unabaki nusu uchi, matawi ya juu yanakufa, halafu maji yakirudi unachipua upya kwenye shina. Ukame wao mkubwa wa mwaka 1997 mpaka 2009 uliua mingi sana ukingoni mwa Murray, si kwa ukame peke yake, bwawa la Hume lililomalizika 1936 na mengine yalikuwa yameshageuza mto, maji yanazuiwa wakati wa mafuriko na kuachiwa kiangazi kwa ajili ya umwagiliaji, mti ukawa unaona mto umejaa wakati wa joto na msitu mkavu wakati uliopaswa kuzama. Siku hizi serikali inatenga maji kabisa ya kufurisha misitu kwa makusudi.

Na ngoja nikupe jambo ambalo huku halisemwi. Sehemu nyingi za Australia chini ya ardhi kuna chumvi nyingi, imekaa huko miaka na miaka. Wakulima walipofyeka mikaratusi na miti mingine ya asili yenye mizizi mirefu wakapanda ngano, maji ya chini yakaanza kupanda kwa kukosa wa kuyanywa, yakapanda na chumvi yake, mashamba makubwa yakawa meupe hayaoti kitu. Yaani kule, ile tabia ya kunywa sana tunayoilalamikia ndo iliyokuwa inaishikilia chumvi chini. Tabia ni ileile, mahali ndo pametofautiana. Wewe ukiutoa kwenye tambarare ya mto mkubwa ukaupeleka juu kabisa kwenye jicho la chemchemi ambako maji ni kidogo na hakuna furiko la kuyarudisha, ukaupanda mia tano umebanana, unataka ufanye nini? Utafanya kilekile ulichozaliwa kufanya.

Hata kwao kwenyewe ukiharibu mpangilio wa maji unavamia. Barmah kuna mbuga za majani yanayoitwa Moira, zinazaa ndege wa majini wengi, zamani miti haikuweza kuingia kwa sababu furiko lilikuwa refu na la kina, miche inakufa. Mafuriko yalipopungua mkaratusi ukaanza kuingia na kuzifunga zile mbuga. Na mafuriko yakichelewa miaka mingi majani makavu yanarundikana chini, siku maji yanakuja yanayalowesha kwa mara moja, maji yanakuwa meusi kama chai ya rangi, bakteria wanamaliza oksijeni na samaki wanakufa, iliwatokea vibaya mwaka 2010 kuingia 2011. Kwenye mafuriko ya kawaida ya mara kwa mara hayo majani ni chakula cha mto, si sumu.

Kitu kingine, moto. Watu wanajua mikaratusi ni miti ya moto, na ni kweli kwa jamaa zake wengi, ila huu gome lake ni jembamba na unaumia na moto kuliko ndugu zake wa milimani. Ukichoma shamba kila mwaka miche utaimaliza.

Na kama ya baba ina uvimbe uvimbe kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye kikonyo, majani yamejikunja, huyo ni kidudu Leptocybe invasa, kanyigu kadogo sana asili yake ni hukohuko Australia, kalifika Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kanaipenda camaldulensis hasa. Kwao kana maadui wanaokala, huku kalikuja peke yake. Hakuna haja ya kupuliza dawa shamba zima, panda aina zinazostahimili msimu ujao, ulizia kitalu cha serikali.

Sasa kuing'oa. Ya mlimani iache, ni mali, ila usiongeze kubananisha, na kama kuna mazao jirani weka nafasi ya kutosha na uchimbe mtaro wa kukata mizizi ya juu. Ya bondeni itoe, lakini usiing'oe. Ukichimbua visiki ukingoni mwa maji mvua ya kwanza inaondoka na bonde. Ikate usawa wa ardhi, ianze ile iliyo karibu zaidi na jicho la maji, halafu kazi ya kweli inaanza hapo maana visiki vitachipua, itabidi upite kila baada ya wiki chache ubandue machipukizi yakiwa madogo mpaka kisiki kichoke, na katikati yake uwe umeshapanda mikuyu na mizambarau ya porini ishike udongo wakati mizizi ya zamani inaoza. Kabla ya panga kuingia pita kwa afisa misitu wa wilaya, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto zisiwe na shughuli za kudumu, atakuonyesha mpaka wa bonde lenu unaanzia wapi na kama unahitaji kibali cha kukata na kusafirisha nguzo. Na ukishazitoa mbegu kwenye karatasi, piga picha kwenye mwanga wa jua, karibu kabisa, unitumie nizione.